Van der Neer, Mchoraji wa Saa za Magharibi

Mabibi na mabwana, naomba tuzime taa za huku mbele. Mchoraji wetu wa leo hapatani na mwanga mwingi.

Aert van der Neer alizaliwa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 17. Ujanani alikuwa msimamizi kwa mabwana wa ukoo wa Arkel, upande wa mji wa Gorinchem, na uchoraji aliuingia akiwa mtu mzima. Miaka ya 1630 tunamkuta Amsterdam, na soko la picha huko limefurika. Mito ya mchana ilikuwa na wenyewe, wachoraji kama akina Jan van Goyen na Salomon van Ruysdael. Yeye akachukua machweo, usiku wa mbalamwezi, na barafu ya majira ya baridi.

Mpangilio wake ni karibu uleule kila mara. Mto unaanzia miguuni pako na kwenda hadi upeo wa macho. Kandokando kuna nyumba, miti, kinu cha upepo, mnara wa kanisa. Jua au mwezi kauweka kule mbali, mbele yetu, kwa hiyo kila kilicho karibu kinatugeuzia upande wake wa kivuli. Watu wamo, lakini usitafute nyuso. Hakuzihitaji.

Kwenye rangi naomba tukae kidogo. Giza lake hakulipata kwa kupaka weusi. Itazameni hii ya daraja kwenye mbalamwezi, iliyoko National Gallery of Art, Washington: mawingu yanang'aa kutoka ndani. Alipaka tabaka nyembamba nyembamba, chini waridi, dhahabu na buluu, juu yake zile za giza. Kisha akazikwangua za juu kwa kisu cha rangi au mpini wa burashi, hadi za chini zikachungulia. Mwanga aliufukua, kama mtu anayechimba kisima. Sifa zake nyingi ni za mwezi, lakini mimi nazipenda zaidi picha zake za machweo. Mwezi una rangi mbili tatu. Jua likizama anga hubadilika kila dakika, naye alithubutu kulifuata.

Na riziki je? Ilikuwa ya shida. Mwaka 1659 alifungua baa Kalverstraat, mtaa ambao hadi leo una pilikapilika za biashara. Haikumwokoa: mwaka 1662 alifilisika, na picha zake zikathaminiwa kwa gilda, fedha ya Uholanzi ya enzi hizo, chache chache. Kinachoniuma ni kwamba mwanawe, Eglon, alipanda. Huyo alichora mabibi waliovaa hariri, wateja wakafurahi, na mwaka 1687 akateuliwa mchoraji wa Mfalme Charles II wa Hispania. Baba yake alikuwa amefariki Amsterdam miaka 10 kabla, mwaka 1677, akiwa bado na mito yake ya jioni.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, uliza.