Nimestaafia Silver City, New Mexico, na wala sikuambii uje

Assalamu alaykum, na habari zenu wote mlioko nyumbani. Leo sipiki, wala sina picha za milima. Nimekaa hapa barazani kujibu swali moja, maana nimechoka kulijibu kwa maandishi na kidole changu hiki kimoja. Swali mnalijua: "Babu, umestaafu, mbona hurudi Tanga? Umejificha jangwani unafanya nini?"

Wapo wanaouliza kwa mapenzi, Mungu awalipe. Na kuna kijana kaandika, "Mzee anaringa na pensheni ya dola." Kijana, kaa kitako unisikilize mpaka mwisho, huenda ukaniombea dua. Najua pia wapo watakaosema Babu analalamika, kapewa nyumba Marekani bado ananung'unika. Sikupewa. Nimeendesha basi la abiria Columbus, Ohio, miaka ishirini na miwili, baridi ya kuvunja mifupa, saa kumi alfajiri niko kwenye usukani. Kwa hiyo niacheni niseme mazuri na mabaya, yote ni yangu.

Silver City iko kusini-magharibi mwa New Mexico. Watu elfu kumi hawafiki. Mnapoandika "jangwani" mnafikiria mchanga na ngamia, sivyo. Sisi watu wa Tanga tukipanda Lushoto tunavaa sweta, na Lushoto ni kama mita 1,400 tu. Hapa nilipokaa ni kama 1,800. Kaskazini kuna msitu wa misonobari wa Gila, ukishuka kusini ndiyo unakutana na jangwa. Theluji huanguka, lakini mara nyingi ikifika adhuhuri imeshayeyuka. Hiyo ndiyo iliyonileta. Bibi yenu aliteleza kwenye barafu Columbus mwaka 2021, akavunjika kiwiko, akaniambia, "Mimi hapa sizeeki." Masika ya 2024 tukauza nyumba, tukafunga mizigo.

Haya, pesa, maana najua wengine mmeruka huko kote mnangojea hapa.

Pensheni ya huku, ile ya Social Security, hupewi kwa sababu ya mvi. Unatakiwa uwe na pointi 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne, kwa hiyo ni miaka kumi ya kazi inayokatwa kodi. Narudia: inayokatwa kodi. Wapo wenzetu wamefanya kazi za mkononi miaka kumi na tano, fedha taslimu, leo wana miaka sabini hawana kitu. Mimi nimezaliwa 1957, kwa hiyo umri wangu wa kulipwa kamili ulikuwa miaka 66 na miezi sita. Nilisubiri. Bibi yenu ni wa 1960, umri wake kamili ni 67, lakini yeye alichukua alipotimiza 62 tu. Wamemkata asilimia 30, na makato hayo hayaishi akifika 67. Ni ya maisha. Nilimwambia. (Anasikia huko jikoni, ndiyo maana sufuria zimeanza kugongana.)

Wote wawili tukijumlisha tunapata kama dola 2,900 kwa mwezi. Haya, pigeni hesabu kwa shilingi mshangilie, halafu mrudi. Kuna Medicare, matibabu ya wazee kuanzia miaka 65. Watu wanadhani ni bure. Sehemu ya kulipia madaktari, mwaka 2025, ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Tuko wawili: 370, na wanaikata kabla pensheni haijanifikia. Weka bima ya nyongeza, bima ya gari, bima ya nyumba, na hiyo ya nyumba walinihoji kama polisi: msitu uko mbali gani, majani makavu umefyeka? Wana sababu. Mwaka 2022 moto wa Gila uliunguza zaidi ya ekari 300,000. Jirani yangu anasema moshi ulikaa wiki nzima na nguo hazianikwi.

Nyumba yenyewe ina vyumba viwili vya mbao na kimoja cha matofali ya udongo. Udongo, ndugu zangu! Nyumba ya udongo niliikimbia kwa babu yangu, huku wananunua kwa fahari na wanaiongezea bei. Nakiri lakini, mchana wa Juni ukiingia chumba kile unapata ubaridi kama uko kisimani. Tulilipa fedha taslimu kutokana na ile ya Columbus, ndiyo maana leo sina deni. Bila hilo, hesabu zangu zote mlizosikia zinaanguka. Kwa hiyo usiseme Babu kasema mji ni rahisi. Mji ni rahisi kwa mtu aliyekuja na nyumba mkononi.

Kodi ya serikali ya kumiliki nyumba nilikuwa nalipa karibu dola 3,700 kwa mwaka kule, huku haifiki elfu moja. Hapo nimepumua. Kuna watu wanajisifu kwamba New Mexico tangu 2022 haikati kodi ya jimbo kwenye pensheni ya Social Security kwa wenye kipato chini ya dola laki moja, au laki na nusu kwa mke na mume. Ni kweli, ila mimi nimetoka Ohio, na Ohio nako hawaikati, kwa hiyo sikuongeza hata senti. Kilichonishangaza ni kodi ya mauzo ya huku: inakwenda mpaka kwenye kazi ya mikono. Fundi bomba akija, ufundi wake nao unawekewa kodi juu. Na fundi mwenyewe umemsubiri wiki tatu, maana wako wachache, wengine wanafuata hela ya migodi ya shaba, Chino na Tyrone. Chino ni shimo ambalo ukisimama ukingoni malori makubwa yanaonekana kama siafu.

Fundi huyo nilimwita kwa ajili ya mashine ya kupozea nyumba. Inakaa juu ya paa: feni inavuta hewa ya nje, inaipitisha kwenye matandiko yaliyolowa maji, inaingia ndani ikiwa ya baridi. Ni mtungi wa bibi yako, ila una waya. Inakula umeme kidogo sana, naipenda. Tatizo mvua za huku zinaanza Julai mpaka Septemba. Hewa ikishakuwa na unyevu, mtungi haupozi tena, na bado ni joto. Siku hizo tunalala kama tuko Ngamiani, Tanga, madirisha wazi, bibi yenu akijipepea na bahasha za bima.

Bahasha! Ngoja niwaambie habari ya bahasha. Mtaani kwangu posta haileti barua nyumbani, una sanduku posta. Sawa, hata Tanga tulikuwa na sanduku. Sasa nabadilisha leseni, wanataka karatasi mbili zenye anwani ya unapolala, sanduku hawalitaki. Karatasi zangu zote zina sanduku, kwa sababu nikiandika anwani ya ninapolala barua zinarudishwa zilikotoka! Nimekwenda ofisi fulani mara nne. Mara ya tatu binti wa dirishani akaniambia niombe barua kutoka kampuni ya maji. Kampuni ya maji wakaniambia wataituma kwa posta.

Na bima ya nyongeza, ukihama usifikiri unahama nayo. Ile niliyokuwa nayo, ya kampuni binafsi chini ya Medicare, inakwenda kwa wilaya. Ukitoka wilaya yake, imekwisha, na una miezi kama miwili ya kuchagua nyingine. Sikujua. Nilijua nilipofika duka la dawa na kadi ikakataa. Lakini hiyo ni yangu mimi, ya kwako inaweza kuwa ya aina nyingine, soma karatasi zako, usije ukasema Babu kakudanganya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hayo mengine ni kelele. Kila kilicho rahisi huku unakilipia kwa maili. Hospitali mjini ipo, dharura wanapokea. Bingwa ndiyo kazi. Bibi yenu ana presha ya macho, na daktari wake yuko Las Cruces, kama kilomita 180. Kwenda na kurudi ni siku nzima. Mwezi wa Februari tumefika, tumekaa, tunaambiwa daktari hayupo, eti walipiga simu jana. Walipiga namba ya Columbus. Sikugombana. Nilikwenda kukaa kwenye gari nikala yai langu la kuchemsha. Miaka 68 nina macho ya kuendesha. Nikifika 78 nani ataendesha? Hapa sijaona basi la kukupeleka kliniki Las Cruces ukarudi jioni, na hilo anawaambia dereva wa basi.

Na msikiti niujuao mimi nao uko huko huko Las Cruces. Columbus nilikuwa na Wasomali, nilikuwa na Wabarawa, wale wa pwani ya Somalia, wanaoongea Kiswahili chao kile cha zamani, Ijumaa ilikuwa Ijumaa. Nyama ya halali ilikuwa mtaa wa pili. Hapa Idi tulisali watatu: mimi, bibi yenu, na kijana wa Pakistani aliyekuwa anapita njia. Usiku nikiamka huwa nawaza jambo moja ambalo siku zote nalikwepa kwenye video. Nani ataniosha? Nikifa Jumanne, kabla mtu hajafika kutoka Las Cruces au El Paso, nitakaa wapi? Nimeandika karatasi, namba za simu nimebandika kwenye friji. Ndiyo mipango yangu hiyo.

Watu wenyewe wazuri lakini, nisiwadhulumu. Wengi wana asili ya Kimeksiko, na mtu akikupita barabarani anakusalimu, si kama kule nilikotoka. Jirani yangu ni mstaafu wa mgodi, kanitembeza mji mzima, akanionyesha korongo katikati ya mji: ilikuwa barabara kuu, mafuriko ya 1895 yakaichimba, milango ya mbele ya maduka ikabaki inatazama shimo. Leo ni bustani, wanapita kwa utulivu kabisa. Maharage wanapika karibu kila siku, na chapati zao za ngano ukifumba macho unaweza kusamehe. Mgahawani wanakuuliza "nyekundu au kijani?", wanamaanisha pilipili. Bibi yenu anajibu zote mbili.

Haya, mbona hurudi Tanga. Nilichukua uraia wa huku mwaka 2009, na sheria ya kwetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo nikija kwetu, pasi ya Marekani, nalipa dola 100 ya viza kuingia nilikozaliwa. Na kumiliki ardhi kwangu si kama zamani, mimi ni mgeni. Nilikuwa na kiwanja Pongwe. Nilimwandikisha mtoto wa dada yangu, damu yangu, nikatuma hela ya msingi, ya tofali, ya nondo. Akanitumia picha za msingi. Mwaka 2017 nimefika, naoneshwa msingi wa mtu mwingine. Kiwanja kilishauzwa. Sitasema zaidi, dada yangu anaangalia hii video. Shikamoo dada.

Lakini hata kama kiwanja kingekuwepo: pensheni wangenilipa nikiwa Tanga, hilo halina shida. Medicare hailipi matibabu Tanzania. Macho ya bibi yenu, goti langu, vyote vingekuwa mfukoni. Mwenye nguvu na mwenye watoto wa kumlea huko, arudi, na mimi ningerudi. Wangu wako Columbus na Dallas.

Haya, bibi yenu ananiita. Kesho saa kumi na moja alfajiri tunaondoka kwenda kwenye macho, na barabarani gizani kuna paa wanavuka, inabidi niende polepole. Mafuta nimeshajaza, na safari hii nimepiga simu mwenyewe kuhakikisha. Ila kama kuna Mswahili yeyote Las Cruces anayejua duka lenye nazi isiyotiwa sukari, aniandikie hapo chini kabla ya alfajiri.