Elfu Sitini na Moja za Nani? Kukagua Mita na Hali ya Gari la Kifahari

ATHMAN: Nishabonyeza, inarekodi. Haya, asalaam aleikum na hamjambo nyote, mlioko Malindi, Watamu, Mambrui na mlio mbali na nyumbani. Mimi Athman, niko hapa Shela. Shela ya Malindi, si ile ya Lamu.

MWANAISHA: Na mimi Mwanaisha, mtu wa Amu, yaani huko Lamu, ila Malindi imeshanimeza. Leo tunazungumza gari lako.

ATHMAN: Si langu tena.

MWANAISHA: Ndiyo maana nataka tulizungumze. Lakini kwanza nikwambie jambo. Kwetu Amu, babu yangu akitaka punda hamuulizi mwenyewe ana miaka mingapi. Amshika mdomo, amfunua, atazama meno. Muuzaji ataapa mpaka achoke, babu yuko menoni tu.

ATHMAN: Mimi nilimsikiliza muuzaji.

MWANAISHA: Eleza, kaka. Watu wacheke kidogo kisha wajifunze.

ATHMAN: Lilikuwa jeupe, refu, la Kiingereza, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Nalitaka la kukodisha harusini. Mnajua hapa kwetu, bibi harusi hapandi Probox. Nikalikuta yadi moja ya kuuza magari Mombasa, sitaitaja. Gari la 2014, limeshuka bandarini 2020. Mita, ile ihesabuyo mwendo wa gari, yasoma elfu sitini na moja. Nikapiga hesabu: miaka sita, kama elfu kumi kwa mwaka, safi. Nikaambiwa lilikuwa la mzee mmoja, akienda nalo kanisani Jumapili na kurudi.

MWANAISHA: Kila gari la yadi lina mzee wake wa kanisani.

ATHMAN: Mwezi wa tatu tangu nilinunue likaanza kulala upande. Naliegesha usiku limesimama sawasawa, asubuhi nalikuta pembe ya mbele kushoto imezama, kama ngamia aliyepiga goti. Haya magari ya juu mengi hayana springi za chuma, yana mifuko ya hewa na kompresa ya kuijaza. Mpira wa mfuko ukizeeka unavuja polepole, na kompresa inahangaika kujaza kisichojaa mpaka yenyewe inaungua. Nimebadilisha mifuko miwili na kompresa. Bei yake sisemi, mke wangu anasikiliza kipindi hiki.

MWANAISHA: Sema ile ya risiti.

ATHMAN: Ehe. Fundi aling'oa kiti cha dereva kufuata waya. Chini ya reli akaokota kikaratasi: risiti ya maegesho, imeandikwa Manchester, wino umefifia, lakini namba ya gari ya Uingereza yasomeka. Nikampigia picha huyu dada saa tano za usiku.

MWANAISHA: Nikaamka nikakaa kitako. Wasikilizaji, mimi nimefanya kazi miaka sita ofisi ya uwakala wa forodha Mombasa, magari yamepita mikononi mwangu, yaani makaratasi yake. Uingereza gari la kawaida likitimiza miaka mitatu laanza kupelekwa ukaguzi kila mwaka, wenyewe wauita MOT. Na kila ukaguzi, mita ikisoma kiasi fulani, chaandikwa. Serikali yao imeyaweka kwenye tovuti yake, bure kabisa, rekodi kuanzia 2005. Waandika namba ya gari, basi. Nikaandika ile namba ya risiti. Mwaka 2017 ilisoma 55,980. Mwaka 2018, 77,604. Mwaka 2019, 97,412.

ATHMAN: Na mimi mwaka 2020 nauziwa elfu sitini na moja.

MWANAISHA: Subiri, hujafika. Hizo ni maili.

ATHMAN: Usinikumbushe.

MWANAISHA: Maili moja ni kilomita 1.609. Zidisha 97,412 upate kilomita laki moja na hamsini na sita elfu na ushei. Mzee gani huyo wa kanisani, kanisa lake lilikuwa Roma? Lile gari lilikuwa la kazi, labda teksi ya mabwana wa ofisini. Na hata pale pasipo mwizi wa kurudisha mita nyuma, watu huumia kwa maili. Gari la Uingereza, ile duara ya spidi ina tarakimu kubwa za maili kwa saa, na zile ndogo za ndani ndizo kilomita. Mita yasoma elfu themanini, mnunuzi asema elfu themanini ya kilomita, muuzaji anyamaza. Kumbe ni karibu laki na ishirini na tisa.

ATHMAN: Watu wanauliza, mita ya siku hizi ni ya kidijitali, yarudishwa vipi?

MWANAISHA: Ile ya zamani ya vigurudumu ndiyo iliyohitaji jasho. Hii ya sasa ni namba iliyohifadhiwa ndani ya chipu. Mtu ana kifaa chake, achomeka kwenye ile soketi ya fundi chini ya stelingi, aandika anachotaka. Dakika chache. Lakini magari ya kifahari yana tabia moja nzuri: kilomita haziwekwi mahali pamoja tu. Nyingi za Kijerumani huziandika pia kwenye kompyuta nyingine za gari, na BMW nyingi hata ndani ya ufunguo. Mwizi mvivu abadilisha ya dashibodi asahau nyingine. Kwa hiyo lipa fundi mwenye mashine inayoingia kompyuta zote, si ile ndogo ya kusoma taa ya injini peke yake. Mwambie akusomee kila mahali penye kilomita, na zile hitilafu za zamani zilizohifadhiwa, maana nyingine huandikwa pamoja na kilomita za siku zilipotokea. Ukikuta hitilafu ya kilomita laki na arobaini ndani ya gari la elfu sitini, funga boneti, aga, ondoka.

ATHMAN: Na ya Japani?

MWANAISHA: Ya Japani omba karatasi ya mnada, yaani ya ukaguzi wa gari kule mnadani, ile yenyewe ya Kijapani, si tafsiri aliyoichapa muuzaji. Hujui Kijapani? Tarakimu ni zile zile. Juu pana alama ya hali ya gari, kubwa ndiyo nzuri: 4.5, 4, 3.5. Ukiona herufi R, jua gari lilipigwa likatengenezwa. Chini pana mchoro wa gari na herufi zimetapakaa mwilini: A ni mikwaruzo, U ni mibonyeo, W ni palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kisha ilinganishe na cheti cha kuliondoa gari Japani, nacho kina kilomita. Kilomita za mnadani zikiwa chache kuliko za cheti, mmoja wao ni mwongo, na mara nyingi si cheti.

ATHMAN: Sasa gari lililotembea hapa hapa nchini, halina cheti cha Mjapani wala rekodi ya Mwingereza.

MWANAISHA: Hapo ndipo panaporudi meno ya punda.

ATHMAN: Niachie hapo, mimi nishafundishwa na maumivu. Kaa kiti cha dereva, tazama pedali. Mpira wa breki ukiwa umelika ukingo wa kulia, au ni mpya kabisa ilhali wa eksileta umechakaa, uliza. Tazama stelingi pale mkono unaposhika, saa tisa na saa tatu: ngozi ikiwa inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, mikono mingi imepita. Tazama ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango, pale unapoteleza kushuka. Changu kilikuwa kimeshonwa upya! Nikaona ngozi nzuri, sikujiuliza kwa nini kiti kimoja tu ni kipya kati ya vitano.

MWANAISHA: Na tairi.

ATHMAN: Na tairi. Ubavuni pana tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Sasa gari latajwa kuwa na elfu thelathini, na tairi zote nne ni mpya, tena za kampuni mbili tofauti. Zile za kwanza zimekwenda wapi mapema hivyo? Vuta na mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ukinuka tope au una mstari wa maji, hilo limeogelea. Kisha nyanyua zulia la buti, tazama shimo la tairi la akiba. Mafuriko ya Tana ya 2023 na 2024 hayakuchagua, gari la thamani na pikipiki vyote vililowa.

MWANAISHA: Hapa nina neno, na Athman hukubaliani nami. Watu wa Malindi wana imani na gari la Mtaliano. Mtaliano aja Desemba na kaskazi, aondoka Machi au Aprili, gari lakaa gereji ya nyumba ya ufukweni mpaka msimu mwingine. Kilomita chache, za kweli, zimeandikwa kitabuni na muhuri. Na mimi nasema hilo laweza kuwa baya kuliko la kilomita laki.

ATHMAN: Mimi nalitaka hata kesho. Nipe.

MWANAISHA: Litazame kwanza! Miezi minane limesimama mita mia mbili kutoka baharini. Diski za breki zimekula kutu. Mpira umekauka, tairi zimekaa pahali pamoja mpaka zimechukua umbo la sakafu. Oili haijabadilishwa kwa sababu kilomita hazijafika, lakini oili huzeeka hata kwa kukaa. Na chini, bwana, chini! Hewa ya hapa ni chumvi. Ukipanda kuelekea Gongoni na Marereni wakuta mashamba ya chumvi yenyewe, pwani nzima ni jiko la kutu. Gari limenyanyuliwa kwenye rampu, fundi apigapiga kwa bisibisi, kipande chaanguka kama mkate wa ajemi.

ATHMAN: Sawa, lakini kutu naiona. Kilomita zilizoibwa sizioni.

MWANAISHA: Waiona ukilala chini. Ulilala chini pale yadi?

ATHMAN: Nilikuwa na kanzu nyeupe.

MWANAISHA: Basi!

ATHMAN: Lingine upesi: makaratasi ya hapa. Ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, utafute gari kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone mwenye gari ni nani na kama benki ina haki juu yake. Linganisha namba ya chasisi ya kwenye karatasi na ile iliyogongwa kwenye chuma, si ya kwenye kibandiko tu. Na uandikiane kilomita kwenye mkataba. Mimi nilirudi kulalamika, nikaonyeshwa mstari kwenye karatasi yangu: gari limeuzwa kama lilivyo. Sheria ya kumlinda mlaji tunayo tangu 2012, na kumdanganya mtu kuhusu bidhaa imekatazwa, lakini bila karatasi inayotaja zile elfu sitini na moja ningesimama mahakamani na nini? Na kumbukumbu ya mzee wa kanisani?

MWANAISHA: Ulipoliuza, ulisema kilomita ngapi?

ATHMAN: Swali hilo hukuniambia kuwa utaliuliza.

MWANAISHA: Nakuuliza sasa.

ATHMAN: Nilichapa ile rekodi ya MOT, nikaibana kwenye mkataba. Nikaandika kwa mkono: mita imechezewa, mwaka 2019 ilisoma maili 97,412. Wanunuzi watatu waliondoka. Wa nne alikuwa fundi, alitaka injini na viti. Nilipoteza karibu nusu ya pesa zangu.

MWANAISHA: Lakini walala.

ATHMAN: Nalala, naota kompresa. Halafu jirani yangu kanipigia kabla hatujaanza. Kuna Mercedes yuaitaka, iko Watamu, mwenyewe amemwambia tuende kesho saa nne, atakuwa ameshaliwasha na kulipasha moto ili tusingoje.

MWANAISHA: Alipashe nini? Injini ya baridi ndiyo inayosema. Ile mlio wa cheni sekunde za kwanza, ule moshi wa buluu wa oili, likishapata moto vyote vimejificha. Mpigie sasa hivi.

ATHMAN: Nimwambie nini?

MWANAISHA: Twafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Asiliwashe, asilioshe. Nami nitaugusa boneti kwanza kabla hata ya kumpa mkono. Na wewe usivae kanzu.