Nani Hasa Anayesoma Maombi Yale?

Ndugu zangu, mada yangu ni vijana wanaowasaidia majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani kusoma maombi ya rufaa, na nitaanzia pale ninapoanzia siku zote, na mliokwisha kunisikia mnivumilie. William Rehnquist.

Mwaka 1952 ni kijana aliyetoka Stanford, msaidizi wa Jaji Robert Jackson katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kesi za ubaguzi shuleni ziko mezani. Kijana anaandika waraka mfupi kwamba hukumu ya Plessy, ile iliyohalalisha kuwatenga Weusi na Wazungu, ilikuwa sahihi na idumishwe. Chini akatia herufi za jina lake. Mwaka 1954 majaji wote 9, Jackson akiwamo, wakaamua kinyume. Oktoba mwaka huohuo Jackson akafariki.

Waraka ukaibuka 1971, Rehnquist mwenyewe ameteuliwa kuwa jaji. Akaiandikia Seneti: maoni yale yalikuwa ya Jackson, mimi niliyaandika kwa niaba yake. Katibu wa Jackson akawaka, akasema huko ni kumchafua marehemu. Wanabishana hadi leo nani alikuwa mkweli. Mimi hilo halininyimi usingizi. Kinachoninyima ni kwamba ubishi wenyewe unawezekana: karatasi moja, na hakuna awezaye kuapa kama anayesema ni jaji au ni kijana wa miaka 28.

Uhondo bado. Mwaka 1957, akiwa wakili kule Arizona, Rehnquist aliandika makala kuwaonya Wamarekani: wengi wa wasaidizi wa majaji wana mrengo wao wa kisiasa, na wanaweza kuupinda muhtasari wa maombi ya rufaa hata bila kukusudia. Nampigia makofi! Sasa njooni 1972. Yumo ndani, ni jaji, na Mahakama inaanzisha kapu la pamoja: maombi yanagawanywa kwa wasaidizi, mmoja anasoma ombi, anaandika muhtasari mmoja, na majaji wote walio kwenye kapu wanasoma huohuo. Miongoni mwa majaji watano wa kwanza kuingia ni nani? Bwana yuleyule.

Mtaniambia msaidizi hana kura. Kweli hana, na zinatakiwa kura 4 kati ya 9 ili ombi lisikilizwe. Lakini maombi ni maelfu kila mwaka, na yanayosikilizwa ni kama 60 tu. Jaji hafungui majalada yote hayo, jamani! Anasoma maneno ya mtu aliyemaliza chuo juzijuzi. Na huyo anajua kwamba akipendekeza ombi lisikilizwe, kisha likaonekana bovu, aibu ni yake. Akipendekeza litupwe, nani atamkumbuka? Wewe ungependekeza nini? Wala msiseme hakuna njia nyingine. Jaji John Paul Stevens, aliyeingia 1975, hakujiunga na kapu hilo hata siku moja. Jaji Samuel Alito alijitoa 2008.

Mwingine atasema basi tuwafute wasaidizi. La hasha. Jaji Horace Gray alianza nao 1882, akimlipa kijana wa Harvard kutoka mfukoni mwake, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi, na leo ni nyingi zaidi. Ninachodai ni kidogo: ombi la mtu aliye gerezani lisomwe na zaidi ya kijana mmoja.

Nilitaka pia kuzungumzia wanavyochaguliwa. Jaji Felix Frankfurter alimchukua William Coleman, msaidizi wa kwanza Mweusi, 1948, kisha 1960 akamkataa Ruth Bader Ginsburg, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama hiyohiyo. Sita kati ya majaji 9 wa sasa waliwahi kuwa wasaidizi humohumo. Na fedha! Ofisi kubwa za mawakili zimeripotiwa kuwapa wasaidizi wanaotoka humo hadi dola 500,000 za kuwakaribisha tu, wakati mshahara wa jaji kwa mwaka ni kama dola 300,000. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Haya, maswali. Ila rasimu ya hukumu ya utoaji mimba iliyovuja 2022 msiniulize: walihojiwa wafanyakazi 97 wa Mahakama na mvujishaji hakupatikana, mimi nitamtoa wapi?