Unene Uliopitiliza na Alama za Ubongoni

Ndugu wasikilizaji, mtu mnene akipita watu husema ni mlafi, hajui kujizuia. Hukumu hiyo hunikera, maana inatolewa bila kuutazama ubongo wake.

Chini ya ubongo ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Humo baadhi ya seli za neva hutusukuma tule, nyingine hutuambia tumeshiba. Mafuta ya mwilini hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994, kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Seli za shibe huitikia kwa msaada wa jeni iitwayo POMC; jeni ni kipande cha DNA, ile kemikali inayobeba maelekezo ya urithi ndani ya seli.

Sasa, jeni yaweza kuwa nzima kabisa na bado isifanye kazi ipasavyo. Vikemikali viitwavyo methili hujibandika kwenye DNA na kuizuia jeni isisomwe, kama kufuli mlangoni. Mfuatano wa DNA wenyewe haubadiliki. Hayo ndiyo mabadiliko ya epijenetiki.

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walimwachia panya watoto wachache tu wa kunyonyesha. Maziwa yakawa tele, watoto wakanenepa upesi. Leptini yao ilipanda, lakini POMC haikuitikia inavyotakiwa. Lilipokaguliwa eneo la kuiwashia jeni hiyo, methili zilikuwa zimezidi. Fikirieni: wanyama wachanga, hata kuachishwa ziwa bado!

Kwa binadamu tunayo njaa ya Uholanzi ya mwaka 1944 hadi 1945. Utafiti wa mwaka 1976 ulikuta kwamba vijana wa kiume ambao mama zao walikumbwa na njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa wanene zaidi walipofika miaka 19. Njaa ilipowapata mwishoni mwa ujauzito, unene ulipungua. Mwaka 2008 alama za methili zilizobadilika zilionekana katika damu ya watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa ile, miaka 60 baadaye. Katika damu, nasisitiza, si ubongoni; huwezi kumkata mtu aliye hai kipande cha haipothalamasi kwa ajili ya utafiti.

Ndiyo maana naithamini kazi iliyotoka Houston, Marekani, mwaka 2022. Ilionyesha kwamba haipothalamasi ya panya hupitia mabadiliko makubwa ya epijenetiki mara baada ya kuzaliwa, na maeneo ya DNA yanayoguswa yanalingana na yale yanayohusishwa na uzito wa binadamu. Panya huzaliwa ubongo haujakomaa. Kwa mtoto wa binadamu, mabadiliko hayo huenda huanza akiwa bado tumboni.