Nilipata wapi pesa za kwenda Ureno

Asalaam aleikum, hamjambo watu wangu. Leo sijapanga taa wala sijajipamba, mtandio wenyewe ndio huu niliotoka nao kazini. Nimekaa kujibu tu, maana kujibu mmoja mmoja nimeshindwa. Tangu niweke zile picha za Ureno, swali ni moja: pesa umepata wapi? Na la pili linafuata nyuma yake: mbona huyo rafiki yako asije yeye Uingereza, lazima wewe ndiwe upande ndege? Kuna mmoja, najua ni wa Kibokoni hapo Mombasa, ameandika, "Mchango wa harusi ulisema huna, Ureno unayo." Haya. Tuanze na wewe basi, lakini utangoja kidogo.

Sijasema haya ili nijisifu. Wala sijaja kulia. Nikitaja bei mwasema nalalamika, nikinyamaza mwasema naringa, sasa nichague lipi? Mimi nalea wazee hapa Leicester, zamu za usiku. Habari za baridi na za kazi mwazijua, nimezisema mpaka mmenichoka, leo naziruka.

Rafiki yangu hawezi kutoka Ureno. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Yuko Coimbra, anasomea uhifadhi wa majengo ya kale. Kibali chake cha kukaa kilikwisha muda, akaomba kipya, na tangu hapo anangojea miadi. Ofisi anazopiga simu hazipokei, na barua pepe akijibiwa anajibiwa na mashine. Sasa msiniulize "si ana karatasi ya kuonyesha ameomba?" Anayo. Serikali ya huko imewahi kutoa amri kwamba vibali vilivyokwisha vihesabiwe kuwa bado halali kwa muda. Lakini amri hiyo ni ya Ureno. Ukivuka mpaka, afisa wa upande wa pili anaangalia tarehe iliyopigwa chapa kwenye kadi, basi. Kwa hiyo akitoka, huenda asirudi, na masomo yakaishia hapo. Kulikuwa na msiba kwao Mombasa hakwenda. Alikaa chumbani akafuatilia matanga kwa simu, intaneti ikikatika kila dua ikianza. Nikasema mimi nitakwenda kwake Ureno.

Sasa pesa. Tiketi ya ndege haikuniumiza. Ndege za bei rahisi kutoka Uingereza kwenda Lisbon zipo, ukikata mapema na ukibeba begi la mgongoni tu. Kilichoniumiza ni makaratasi. Sisi wenye pasipoti ya Kenya, hata kama unaishi Uingereza kihalali na unalipa kodi, Ureno unaingia kwa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada yake ni yuro 90 tangu Juni 2024, hiyo ni kama elfu 13 za kwetu na ushei. Hapo hujalipa ile kampuni inayopokea maombi, ambayo ina ada yake pembeni, na wakikunyima hairudi hata senti. Bima ya safari lazima, inayofika yuro 30,000 ya matibabu. Taarifa za benki. Hati za mshahara. Barua ya mwajiri. Barua ya mwenyeji. Tiketi ya kwenda na kurudi ambayo hujui kama utaitumia.

Na miadi! Unaingia kwenye mtandao wa kampuni hiyo kutafuta siku ya kupeleka karatasi, kalenda yote kijivu, hakuna nafasi. Unaambiwa zinafunguliwa usiku, unaamka usiku, kijivu. Kuna watu wanaziuza hizo nafasi, mimi sikununua, lakini simlaumu aliyenunua. Nilipoipata ilikuwa London, nikatoka zamuni, nikapanda basi la alfajiri, nimefika pale dirishani dada mmoja akaangalia barua ya mwajiri wangu akasema hii sahihi imechapwa, wanataka ya kalamu. Barua imeandikwa na ofisi, ina nembo, ina namba ya simu. "Wapigie basi." "Hatupigi simu sisi." Nikarudi Leicester na bahasha yangu. Nauli ya basi hiyo nayo ihesabiwe na yule wa Kibokoni kwenye mchango wa harusi.

Jamani, sisemi wewe yatakukuta hayo. Kuna watu wamepeleka karatasi chache kuliko zangu wakapewa. Kanuni yenyewe inasema ombi liamuliwe kwa siku 15, na zinaweza kuongezwa. Kila mtu na faili lake. Usije ukakopa chama ukaniambia mimi ndiye niliyekushauri.

Tuje kwenye mji, maana wengine mko hapa kwa mji tu.

Treni kubwa ya kutoka Lisbon haikushushi katikati ya Coimbra, inakuacha stesheni ya pembeni. Mji wenyewe uko juu ya kilima, mto Mondego uko chini. Mzee wangu aliyeandika "mbona kwenye video unahema hivyo," hebu njoo upande wewe. Kutoka mjini chini unapita chini ya lango la Almedina, halafu ni ngazi, na ngazi zikiisha kuna ngazi nyingine, mawe yamesuguliwa na miguu mpaka yanateleza kama sabuni iliyolowa. Rafiki yangu anapanda huku anaongea. Mimi nikijifanya napiga picha ili nipumzike.

Huko juu ndiko chuo kikuu kiliko. Kilianzishwa 1290 na mfalme Dinis, lakini kwanza kilikuwa Lisbon, kikahamahama, kikatulia Coimbra 1537. Wanafunzi wengine wanavaa majoho meusi mpaka visiginoni, barabarani hivi hivi, mchana. Niliwaona nikadhani kuna sherehe, kumbe ni siku ya kawaida. Kuna maktaba, Joanina, imejengwa 1717 mpaka 1728. Kuingia ni kwa tiketi yenye saa, ukichelewa shauri yako. Makabati ya dhahabu mpaka darini. Humo ndani wanaishi popo, na hawafukuzwi. Usiku popo wanakula wadudu wanaokula vitabu, kwa hiyo jioni wafanyakazi wanafunika meza kwa ngozi ili zisichafuliwe na mavi, asubuhi wanasafisha. Kwetu popo akiingia ndani, mwenye ufagio ndiye shujaa.

Lakini nilichokipenda zaidi hakina tiketi. Ni ukuta wa nje wa kanisa kuu la zamani, la karne ya 12. Mji ule ulikuwa chini ya Waislamu mpaka 1064, na kwenye ukuta huo kuna jiwe limechongwa maandishi ya Kiarabu, liko tu hapo, watu wanapita. Rafiki yangu akanionyesha, kisha akashika sehemu nyingine ya ukuta, akakwangua kwa ukucha, ukatoka unga. Akasema, "Unaona? Chokaa hii. Inapumua." Hapo ndipo alipoanza somo, sikumkatiza. Anasema nyumba zetu za Mji wa Kale wa Mombasa ni mawe ya matumbawe na chokaa, unyevu unaingia na kutoka. Sasa fundi anakuja, anapiga saruji juu, ukuta unang'aa, mwenye nyumba anafurahi. Unyevu umefungiwa ndani. Chumvi inakula jiwe kutoka ndani, na siku saruji inapobanduka inashuka na vipande vya ukuta. Kama uko Mombasa na nyumba yenu imeanza kutoa mabaka meupe chini kwenye kuta, nendeni kwa fundi anayejua chokaa kabla hamjaita wa saruji. Hiyo nimeisema bure.

Haya, kaburi. Najua mnalingoja. Lisbon, Belém, kanisa la Jerónimos, ndani mlangoni tu liko kaburi la Vasco da Gama, yule nahodha wa Kireno. Nimeambiwa nimekwenda "kumzuru". Sikumzuru mtu mimi. Kanisani siku ile hakukuwa na kiingilio, nje kuna jua kali, nikaingia. Bwana yule alifika Mombasa Aprili 1498, hakuelewana na watu wetu, akapanda kwenda Malindi alikopokewa. Waliotuchomea mji ni watu wa Almeida, Mreno mwingine, 1505. Tukisemana tusemane na tarehe. Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, Wareno wakaianza 1593, na 1698 Waomani wakaichukua baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mimi nililiangalia lile jiwe, mtu amechongwa amelala mikono kifuani, nikapiga picha moja bila uso wangu, nikatoka. Mwenye kuona hilo ni dhambi aniombee.

Rafiki yangu yeye da Gama hamshughulishi. Yeye ana Yusuf bin Hassan. Mwamjua? Mtoto wa mfalme wa Mvita, yaani Mombasa, babake aliuawa kwa hila za Wareno, naye akiwa mdogo akapelekwa Goa, wakamsomesha, wakambatiza, wakamwita Jerónimo, wakamrudisha Mombasa atawale kwa ajili yao. Agosti 1631 akaingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni, ngome ikawa yake, na jina la Yusuf akalirudisha. Tulikuwa tunapika wali wa nazi ya kopo kwenye jiko la umeme la jikoni wanakoshirikiana wengi, kila mtu na rafu yake ya friji yenye jina, na yeye ananisimulia hayo huku akikoroga. Akasema, "Yule naye walimshikia karatasi zake." Tukacheka mpaka Mbrazil wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Kurudi nako. Kaunta ya ndege Lisbon, kijana ananiuliza kadi yangu ya ukaazi wa Uingereza iko wapi. Kadi zile zilifikia mwisho Desemba 2024, sasa ukaazi wetu uko mtandaoni. Namwonyesha kwenye simu, anaita mwenzake, mwenzake anaita mkubwa, foleni nyuma yangu yote inanitazama kama mwizi. Nikapita mwisho. Kwa hiyo ukiwa na hali kama yangu, hakikisha pasipoti unayosafiria ndiyo iliyounganishwa na akaunti yako ya ukaazi mtandaoni, na uwe na chaji. Hali kama yangu, nimesema. Wa viza nyingine aulize kwingine.

Wanaotaka namba ya ejenti, sina ejenti, nilijaza mwenyewe. Wanaouliza karo ya Coimbra, ya mwanafunzi kutoka nje ni nyingine na ya Mzungu wa Ulaya ni nyingine, angalieni tovuti ya chuo, mimi sikusoma pale.

Na wewe wa Kibokoni, mchango niliutuma. Niliutuma kwa mama wa bibi harusi, si kwako, kwa sababu ule wa mwaka jana niliokupitishia wewe mpaka leo bibi harusi anauliza uko wapi. Ukitaka tuendelee, nipigie, usiniandikie hapa.