Mshale wa mafuta usikuzimishe njiani: pima pikipiki yako kwa kilomita

Karibuni, madereva wenzangu. Leo tunaushughulikia mshale wa mafuta, ule unaosoma nusu halafu pikipiki inakuzimikia gizani ukiwa na abiria.

Tazama hapa ndani ya tangi. Hili ni boya, linaelea juu ya petroli, na mkono wake ndio unaosogeza mshale. Pikipiki ikilala kwenye stendi ya pembeni, petroli inahamia upande mmoja na boya linaifuata. Halafu tangi lenyewe juu ni pana, chini limegawanyika kupisha fremu. Ndiyo maana mshale unaweza kukawia juu, kisha ukaporomoka ghafla. Ukitaka kuusoma, weka stendi ya kati mahali tambarare, washa swichi, usubiri utulie. Ukifungua kifuniko kuchungulia, tumia mwanga wa mchana. Kiberiti kaa nacho mbali kabisa!

Sasa tupime. Jaza tangi hadi chini kidogo ya shingo, maana petroli hutanuka kwa joto. Soma kilomita kwenye dashibodi, ziandike. Hakikisha koki, ile swichi ya kufungua na kufunga petroli chini ya tangi, iko ON, kisha piga kazi kama kawaida.

Hapa kwenye koki naomba mtulie. Nimeifungua muone: kuna mirija miwili, mrefu na mfupi. Ukiwa ON, injini inanyonya kupitia ule mrefu. Petroli ikishuka chini ya mdomo wake, pikipiki inaanza kukohoa. Ukigeuza RES, yaani akiba, mrija mfupi unanyonya ile iliyobaki chini. Wengi wetu tunatembea na RES mwaka mzima, na hiyo ni hatari, kwa sababu ikikohoa hapo hakuna akiba tena. Ukishajaza, rudisha ON, kila mara.

Basi, ikikohoa, geuza RES, soma kilomita tena, nenda sheli ujaze mpaka palepale pa mwanzo. Tuseme umetembea kilomita 340 na pampu imesoma lita 8.5. Gawanya: kilomita 40 kwa lita. Zoezi hili lifanye mchana, bila abiria, karibu na sheli.

Pikipiki yenye pampu ya umeme ndani ya tangi usiisubirishe izimike, maana pampu hiyo hupozwa na petroli yenyewe. Kwa hiyo jaza mapema, ugawanye kilomita kwa lita ulizoongeza.

Kwa mfano wetu, mimi ningejaza nikifika kilomita 300 tangu nijaze, na mapema zaidi kama njia ni ya milima au mizigo ni mizito. Bandika kipande cha plasta kando ya geji, uandike namba yako ya kilomita za kujaza. Mshale ukiwa haujongei kabisa hata tangi likijaa, mwambie fundi aanze kukagua waya unaotoka kwenye boya kabla hujanunua geji mpya.