Stress haizae kansa ya kinywa, lakini inaweza kuisaidia itembee

Bandugu, mujambo. Kila mara nikizungumza juu ya kansa ya kinywa hapa Bukavu, kuna mama anasimama ananiambia "munganga, hii ni mawazo, vita imetuchosha". Leo nianzie pale pale, juu batu banasema stress kama kitu ya kichwa tu, na mimi nataka muione ndani ya damu.

Mutu akishtuka, ao akibeba mawazo, tezi zenye kukaa juu ya figo zinatoa adrenalini, na mishipa ya fahamu inatoa noradrenalini. Sasa muwaze pale sokoni Nyawera, hapa Bukavu. Mutu anatafuta pikipiki ya kumubeba, anaita "moto!" Mama wa sambaza anasikia, mutoto wa shule anasikia, polisi anasikia, lakini mwenye kugeuza kichwa ni motari, mwenye kuendesha pikipiki. Hizi homoni njo ile sauti. Inapita mwili muzima, lakini seli yenye kugeuka ni ile yenye iko na sikio yake, tunaita kipokezi, banafunzi ba medsini banasema reseptere. Moyo iko nayo, njo maana unapiga mbio. Mapafu iko nayo, na dawa ya asma ya kuvuta inagonga pale pale, kwa kipokezi chenye tunaita beta mbili. Na seli nyingi za kansa ya kinywa nazo ziko na beta mbili! Zikisikia "moto!", nazo zinawasha. Kwenye maabara, ukizimwangia noradrenalini zinatoa interleukini 6, protini yenye seli zinatumia kupashana habari, zinaongezeka, zinaingia ndani ya nyama ya jirani. Na kwa mutu, kituo ya kwanza ya hii kansa kawaida ni tezi za shingo.

Najua mutauliza, basi sisi bote tutakufa, nani hapa hana stress? Hapana, hapana. Sauti haizae motari. Kansa yenyewe inazaliwa kwingine, zaidi kwa tumbaku na pombe, na mwenye kuchanganya vyote viwili anajiumiza zaidi. Na papa asiniambie anavuta juu ya kutuliza mawazo! Nikotini yenyewe inasukuma zile tezi za figo zitoe adrenalini, ni kusema unanunua sigara ili mutu aendelee kuita "moto" usiku na mchana.

Mwingine atakimbia farmasi kutafuta propranololi, juu amesoma kwamba inaziba beta. Ni kweli inaziba, ni dawa ya moyo ya miaka ya 1960, James Black, mwenye kuivumbua, alipata Nobel 1988 juu ya kazi kama hiyo, na kwenye maabara inapunguza ile mbio ya seli. Lakini ukiwa na asma inaweza kukufunga pumzi, tafazali musijaribu. Tena utafiti kwa bagonjwa haujakubaliana, kwa bamoja beta mbili nyingi ilienda pamoja na kansa kufika shingoni, kwa bengine wenye kuwa nayo nyingi njo waliishi muda mrefu zaidi.

Nilitaka kuongea juu ya kortizoli pia, homoni ingine ya stress, ila saa imeisha. Mwenye iko na kidonda kinywani kimepitisha wiki mbili, ao alama nyeupe ao nyekundu yenye haitoke, ao kivimbe shingoni hata hakiumi, abakie hapa mbele. Niko na taa na glavu.